Mgeni wa Wiki Mbili

Godoro jipya la sponji lina harufu yake, ya dawa na plastiki, na ukilifungulia katika chumba kidogo harufu hiyo inakushika kichwa. Wiki iliyopita nilimnunulia mwanangu moja. Aliyelibeba alilitupa sebuleni, akaipasua nailoni kwa kisu, nami nikatoka nje na kukaa kwenye ngazi mpaka mume wangu alipokuja kuniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Ninyi mliokulia Goma miaka ile mtanielewa upesi, maana nadhani kila mtu wa rika letu ana harufu moja inayomtoa nje ya nyumba.

Godoro la kwanza jipya kuingia nyumbani kwetu Majengo halikuwa letu. Lilikuwa la mgeni, na sisi tuliendelea kulalia yale ya zamani, yaliyokuwa na shimo katikati.

Yaya yangu Masika, dada yangu mkubwa, alikuwa akisoma sekondari kwa masista. Shule yao ilikuwa na urafiki na shule moja ya Gisenyi, ng'ambo ya barieri, kizuizi cha mpakani. Kwa miguu ni safari ya asubuhi moja, kwenda na kurudi, na bado ni nchi nyingine yenye bendera nyingine na askari wengine. Walimu wa pande zote mbili wakakubaliana kubadilishana wanafunzi: wasichana kumi wa kwetu wakalale wiki mbili katika familia za kule, na kumi wa kule waje kwetu, wasome pamoja, waimbe pamoja, waache kuogopana. Watoto hao walikuwa wamekua katikati ya wakimbizi na vita. Watu wazima walikuwa wameshindwa kupatana, basi ikaonekana kazi hiyo wapewe wasichana wa miaka kumi na saba.

Masika aliondoka Jumatatu asubuhi, na mchana wake tukampokea Josiane. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuja na sanduku lenye magurudumu. Kwetu ardhi yote ni mawe meusi ya volkano, kwa hiyo magurudumu hayakumfaa kitu. Baba alilibeba sanduku kichwani, na mimi niliyekuwa na miaka tisa nilicheka mpaka mama akanifinya. Josiane alijua Kiswahili, lakini kilikuwa cha kule. Akifungua mdomo tu, unajua anatoka wapi.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu hakuwahi kuisikia methali hiyo, na kama aliwahi, basi hakuipenda. Josiane alikuwa akishika ufagio, mama anamnyang'anya. Akiinama kwenye sufuria aoshe, mama anamwita akae. Kipande kizuri cha samaki kilikuwa chake, na maji ya moto ya kuoga yalikuwa yake kwanza. Mimi nilioga ya mwisho, yaliyopoa. Siku ya nne wivu ukanizidi, nikamuuliza baba kwa nini mtu asiye wa kwetu anakula kuliko sisi.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa barabara ya Butembo, mtu wa maneno machache. Alinikalisha karibu naye.

"Kavira," akasema, "Masika naye iko kwa batu. Vile tuko namufanyia huyu, njo vile batamufanyia Masika. Umesikia?"

Nilisikia. Balaa ni kwamba nilisikia kupita kiasi. Baba alikuwa akinifundisha adabu, lakini mimi nilidhani ananiambia namna dunia inavyofanya kazi: kwamba wasichana hao wawili wamefungwa pamoja, na kila kinachompata mmoja huku kinampata mwenzake kule, saa ileile. Tangu hapo nikawa namwangalia Josiane kama daktari. Akila sana, nafurahi, Masika ameshiba. Akikohoa, namwambia mama atafute dawa. Siku moja nilikuwa nimeshamtilia chumvi kwenye chai kwa chuki zangu za zamani, na alipokunja uso nikakimbilia nyuma ya nyumba kulia, nikimwomba yaya yangu msamaha kimoyomoyo.

Siku ya kumi tulianza kusikia mabomu upande wa Munigi. Mchana huo watu waliteremka barabarani na sufuria, mbuzi, watoto mgongoni na wazee juu ya chukudu, yale magari ya mbao yanayosukumwa. Jioni redio ikasema barieri imefungwa. Siku iliyofuata haikufunguliwa, wala wiki iliyofuata.

Halafu maneno yakaanza. Nyuma ya ukuta wetu wa mbao tuliwasikia wapita njia wakisema vita hivi vimetumwa na watu wa ng'ambo, na kwamba watu wao wamejificha kati yetu, watafutwe nyumba kwa nyumba. Hata jirani yetu mmoja, mama wa Rutshuru ambaye babu yake alizikwa huku, alifunga madirisha na kuacha kwenda sokoni, kwa sababu tu anaongea Kinyarwanda na watoto wake. Mama alimwangalia Josiane, akafikiri kidogo, kisha akainuka. Godoro likahamishiwa chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, tulichokuwa tukiweka makala, makaa ya kupikia. Sanduku likaingia chini ya magunia. Josiane akavaa sketi za Masika. Na mimi nikaambiwa sitatoka tena nje, hata kucheza, kwa sababu mdomo wa mtoto hauna mlango.

Basi tukafungwa wawili, yeye kwa usalama wake na mimi kwa mdomo wangu. Nyumba ya mbao haina siri, ukiongea ndani anayepita anakusikia, kwa hiyo tuliongea kwa kunong'ona. Mvua tu ndiyo iliyotupa ruhusa. Ikipiga mabati, Josiane alikuwa akiongea kwa sauti, haraka haraka, kuhusu mama yake, wadogo zake, ng'ombe wa babu yake, kama mtu anayekunywa maji kabla bomba halijakatika. Mvua ikiacha, anakatiza sentensi katikati. Ile harufu ya godoro ilikuwa imechanganyika na makala na jasho letu, na katika chumba kile haikuwa na pa kutokea. Nilikuwa namchukia, namwonea huruma, tena namchukia.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kula. Alikuwa anameza matonge mawili ya bugali na kusukuma sahani. Mashavu yake yakaingia ndani, na mimi nikamwona Masika kichwani mwangu, kule ng'ambo, katika chumba kisicho na dirisha, mashavu yamemwingia.

"Kula," nikamwambia siku moja. "Kula, utaua yaya yangu!"

Alinitazama bila kuelewa. "Miye? Namuua namna gani?"

Sikumweleza. Nilidhani anajua.

Wiki ya tano ya kufungiwa nikapata akili, kama akili ile inastahili jina hilo. Nilijiambia hivi: kama wamefungwa pamoja, basi mmoja akirudi kwao, mwingine naye atarudi kwao. Watu wazima wanangoja barieri, lakini hawajaelewa. Tunamzuia Masika sisi wenyewe kwa kumzuia Josiane. Ilikuwa wazi sana kichwani mwangu, nikashangaa baba, mtu aliyefika Kampala na Dubai, hajaiona.

Siku hiyo baba alikuwa amekwenda kuulizia habari, kama alivyofanya kila asubuhi. Bomba lilikuwa limekauka, na mama akachukua bidoni, dumu letu la maji, kwenda ziwani. Alifunga kikufuli cha mlango wa ua kutoka ndani, akaficha ufunguo kwenye kopo la chumvi, akapitia kwa jirani kupitia tundu la ukuta wa nyuma. Alidhani sijui. Mtoto aliyefungiwa wiki tano anajua kila kitu cha nyumba ile, hata misumari.

Nilikwenda chumba cha ndani. Josiane alikuwa amekaa juu ya godoro, magoti kifuani.

"Barieri inafunguka," nikamwambia. "Papa anatuma mutu. Anasema uende mbio, mama yako anakungoja kule."

"Papa yako njo anasema?"

"Njo anasema."

Hakuuliza mara ya pili. Alisimama, akatafuta viatu vyake, akasahau hata sanduku. Nilitoa ufunguo kwenye chumvi na kumfungulia mwenyewe. Mlangoni alinikumbatia. Nilihisi mifupa yake. Kisha akaondoka kuelekea barabara kubwa, na mimi nikakaa kwenye jiwe la mlangoni, nikatazama upande wa pili, ambako nilitegemea kumwona Masika akitokea.

Masika hakutokea. Niliposikia kelele na kugeuka, Josiane alikuwa amefika kwenye kona, na wanaume wanne walikuwa wamemzunguka. Hawakuwa wa avenyu yetu. Wa kwetu wangeona mara moja kwamba yule si mtoto wa nyumba yetu. Mmoja alikuwa na fimbo nene, mwingine alikuwa na panga, amelishika chini tu, kama mtu anayetoka shambani.

"Unatoka fasi gani?" Josiane kimya. "Jina yako nani? Sema!" Kimya. Alikuwa anajua kwamba neno moja tu litamfichua. Yule mwenye fimbo akasema, "Hataki kusema, juu anajua tutamusikia." Watu wakaanza kusogea.

Nilisimama pale mlangoni. Wakati huo mama alitokea upande wa ziwa, na bidoni ya lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Aliona. Sijui kichwa chake kilifanya kazi kwa kasi gani. Aliitupa bidoni, ikapasuka juu ya mawe, na maji ya siku nzima yakaenda. Akawapita wale wanaume kama hawapo, akamfikia Josiane na kumpiga kofi moja la uso. Sijawahi kumwona mama akimpiga mtu hivyo, hata sisi watoto wake. Josiane akaanguka kwa goti.

"Masika!" mama akapiga kelele. "Nani anakutuma kutoka? Nilikukataza ao sikukukataza? Vita iko hapa, weye uko natembea kama mutoto ya muzungu! Unataka kuniua roho?"

Josiane akalia kwa sauti, mkono kwenye shavu, bila neno. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa amempa sababu ya kutosema. Mtu anayelia vile, nani atamtaka aongee?

Wale wanaume wakatazamana. Masika kwetu Wanande ni jina la binti wa kwanza. Ukiliita sokoni Butembo, wanageuka wanawake kumi. Na mgeni hapigwi. Hakuna mama wa Goma anayempiga mgeni kofi mbele ya watu, kila mtu anajua hilo. Mwenye panga alikuwa ameshalegea. Lakini mwenye fimbo aliangaza macho, akaniona pale mlangoni.

"Weye mutoto, kuya hapa. Huyu ni nani?"

Nilikwenda. Mama hakunitazama, maana angenitazama wangemwona akinitazama. Nataka niseme ukweli wa wakati ule, ingawa ni wa aibu. Sikumfikiria Josiane. Nilikuwa nafikiria kofi. Nilikuwa na hakika kwamba muda uleule, kule ng'ambo, mtu amempiga yaya yangu usoni na ameanguka kwa goti. Na hapo nikajua, kwa hesabu yangu ileile, kwamba wakimchukua huyu, na yule anachukuliwa.

"Ni yaya Masika," nikasema. Kisha nikaanza kulia mimi pia, na machozi yangu yakawa ushahidi bora kuliko maneno.

"Mama, chunga watoto yako," yule mtu akasema. "Siku hizi batu habachague wa kupiga." Wakaondoka.

Ndani, mama alifunga mlango, akapiga magoti mbele ya Josiane, akalowesha kitambaa kwa maji kidogo yaliyokuwa yamebaki kwenye birika na kumwekea shavuni. Vidole vinne vilikuwa vimejichora pale. Alikuwa anasema, "Unisamehe, mwana ya watu, unisamehe." Kisha akauliza swali nililokuwa nikilingoja nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango.

"Nani alifungua?"

Josiane aliinua macho, akaniona. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa ameshakijua.

"Ni miye, mama," akasema. "Nilichoka."

Siku ya pili yake mvua ilinyesha, akaniita chumba cha ndani. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza tu, "Juu ya nini?" Nikamwambia nilitaka Masika arudi. Nikamweleza yote, chumvi ya chai, kikohozi, mashavu. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka kidogo. Halafu akasema, "Na miye nataka kwetu," akageukia ukuta. Jioni ile alikula sahani nzima. Naamini aliila kwa ajili yangu.

Wiki ya sita barieri ilifunguliwa saa chache asubuhi kwa wenye miguu. Tulikwenda wote. Mama alivaa kikwembe, kitenge chake cha misa. Kule katikati, kati ya askari wa huku na wa kule, alikuwa amesimama mama mmoja mwembamba, na kando yake yuko Masika, amenenepa. Amenenepa! Nilimrukia, nikamkagua uso, nikamuuliza sikioni, "Banakupiga?"

"Nani?"

"Kule. Banakupiga kofi?"

"Nani anapiga mugeni?" akasema. "Banakunywesha maziwa mpaka nachoka. Uko na wazimu?"

Nikamwachia. Hakukuwa na kamba yoyote kati yao. Tulimficha yule kwenye makala, huyu alikuwa anakunywa maziwa. Ningemwacha yule auawe kwenye kona, na huyu asingehisi hata kuwasha. Wema wetu haukumlinda Masika, na ubaya wangu haukumgusa. Tangu siku ile sijawahi kuamini kabisa kwamba mtu wangu yuko salama mahali popote.

Nyuma yangu mama alikuwa amemsogelea yule mama mwembamba. Wengine wangenyamaza. Mama yangu hakujua kunyamaza na dhambi.

"Mama," akasema, "mutoto yako nilimupiga. Kofi, mu uso, mbele ya batu."

Josiane alimweleza mama yake kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, muda mrefu. Yule mama akaukamata mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Kama haungemupiga," akasema kwa Kiswahili chake, "leo ningekuwa nazika."

Lakini mama hakulipokea jibu hilo. Alilibeba kofi lile nyumbani na akaishi nalo. Kwenye rozari ya jioni Josiane alikuwa na kumi lake, Salamu Maria kumi za kumwombea yeye. Kila akienda kuungama alilitaja tena, mpaka padri akamkataza. "Mugeni," alikuwa anasema, "bananitumia mutoto nimulinde, na miye nikanyanyua mukono." Na hakuna siku aliyosema hivyo ambayo mimi sikuwapo.

Mwaka alipougua ugonjwa wa mwisho aliomba kitu kimoja, azungumze na Josiane. Nilimtafuta wiki nzima mpaka nikapata namba. Ni mama wa watoto watatu sasa. Rezo, mtandao wa simu, ilipokamata, niliiwasha sauti ya nje na kumshikia mama simu karibu na mdomo, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshakosa nguvu.

"Unisamehe ile kofi," mama akasema.

"Mama, ile kofi njo iliniokoa. Nilikusamehe siku ileile."

"Hapana. Weye ulichoka tu, ukatoka. Haukuwa na kosa."

Josiane akasema, taratibu, "Kavira iko hapo?"

"Niko," nikasema.

Alikuwa ananingoja. Aliningoja kama mtu anayeshikilia mlango ili mwenzake apite, na mama, aliyekuwa mgonjwa lakini si mjinga, akageuza kichwa kwenye mto na kuniangalia.

"Rezo iko mubaya," nikasema, nikakata.

Rezo ilikuwa nzuri. Nilikuwa namsikia akipumua.